Thelathini na Mbili Toa Kumi na Saba

Tulipomzika mwalimu mkuu wangu wa shule ya msingi, kila aliyepewa kipaza sauti alizisifu fimbo zake. Mmoja, mtu mzima mwenye suti na ofisi yake Musoma mjini, alisimama kando ya jeneza akasema, "Bila fimbo za huyu mzee, mimi hata kuzidisha nisingejua." Watu wakapiga makofi. Wanawake wa rika langu, tuliosoma nao darasa moja, waliokuwa wakibanwa na mkojo kila kipindi cha Hesabu kikikaribia, nao wakapiga makofi. Mimi mikono yangu niliiweka mapajani ikatulia hapo. Jirani yangu akanigusa kwa kiwiko. Nikamwambia taratibu kwamba msibani nimekuja, maji nimechota na sufuria nimesugua, ila makofi hayo asiyategemee kwangu.

Nyumbani kwa marehemu kulikuwa na mipera, na mapera yalikuwa yameiva. Wengine wakiisikia harufu ile wanamezea mate. Mimi ngozi ya miguu inanisisimka, kwa sababu shuleni kwetu mpera ulikuwa mti wa fimbo kwanza, matunda baadaye. Nikatazama upande wa jikoni nikamwona Nyamisi anapakua ugali. Nyamisi alikimbia shule tukiwa darasa la tatu, akajificha kwenye mashamba ya pamba hadi kwao wakachoka kumtafuta. Hakuna aliyempelekea kipaza sauti ili aseme fimbo zilimjenga vipi. Ndipo nilipoamua kusema mimi yaliyonipata, niwaambie ninyi mliokaa madawati yale yale, maana naona tumeanza kusahau kwa makusudi.

Nyumbani kwetu kulikuwa na sheria moja iliyozidi zote: hatukopi. Mama aliwahi kumtuma dada yangu chumvi kwa jirani, na kesho yake jirani akatangaza kisimani kwamba kwetu mboga inaungwa kwa chumvi ya watu. Tangu siku ile chumvi ikiisha tulikula mgagani mchungu hivyo hivyo, tumekunja nyuso, na Mama akituangalia kama anayetuuliza nani ana la kusema. Kiberiti kikiisha tulilala na njaa. Baba, ambaye alikuwa mtu wa ng'ombe na pamba na maneno machache, hakuwahi kumpinga. Kwa hiyo nilikua nikiamini kwamba kukopa ni aibu iliyo jirani kabisa na wizi.

Halafu tukafika darasa la tatu, kwenye kutoa. Mwalimu Mkuu mwenyewe ndiye aliyetufundisha Hesabu. Alikuwa mrefu, shati lake limenyooshwa hadi mikunjo inakata, na sauti yake ilifika hadi barabara ya Butiama. Aliandika ubaoni, akagonga kwa fimbo, nasi tukaitikia.

"Mbili toa saba?"

"Haitokiii!"

"Haitoki. Tunakwenda wapi?"

"Kwa jiraniii!"

"Kufanya nini?"

"Kukopaaa!"

Nilimwona jirani huyo kabisa kichwani mwangu. Alikuwa yule mama wa kisimani, amekaa kwenye kibaraza cha makumi, anatungoja twende na bakuli letu. Tulikopa moja kwake siku ya kwanza, tukakopa siku ya pili, tukakopa wiki nzima, na wala sikuona hata siku moja tukirudisha. Likanikaa kooni. Asubuhi moja nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, ile moja tunamrudishiaga lini?"

Darasa lilicheka. Yeye hakucheka. Alidhani nimemfanyia utani mbele ya watoto, na mimi nilidhani nimeuliza swali la mtu mwenye adabu zake. Alinichapa miguuni hadi nikashindwa kukaa kwenye dawati. Nilichojifunza siku hiyo, kwa faida ya wale wa kipaza sauti, ni kwamba kweli hakuna mpango wa kurudisha, na ndiyo maana hataki kuulizwa.

Basi nikagoma. Sikumtangazia mtu. Hesabu isiyohitaji kukopa niliifanya. Inayohitaji kukopa niliiacha wazi. Nilichapwa kwa kila nafasi niliyoiacha, na kesho yake nikaiacha tena. Mwisho Baba akaitwa ofisini, akaambiwa mimi ni mzito, nitarudia darasa. Baba alitembea na mimi hadi nyumbani, akanywa maji, akamwambia Mama, "Kama ni kurudia, akae na ndama. Nafasi yake aichukue mdogo wake." Mimi nilikwenda nyuma ya zizi nikawatazama wale ndama, nikijaribu kuwazoea.

Mwalimu Zuhura alikuja wakati huo. Alikuwa binti wa fundi seremala wa Musoma mjini, mwembamba, mwenye ushungi, amemaliza chuo cha ualimu na anajitolea huku akingoja ajira. Serikali haikumlipa, wazazi walichanga mahindi na maharage, naye akapewa chumba kwa mjane mmoja karibu na shule. Kwa kuwa Mwalimu Mkuu alikuwa na safari nyingi za Bunda na Musoma, alimwachia Hesabu ya darasa la tatu. Alimwachia na fimbo. Fimbo hiyo Mwalimu Zuhura aliitumia kufungulia dirisha la juu ambalo mkono wake haukufika.

Siku ya kwanza alituuliza tunachezaga nini. Tulitazamana. Tulidhani ni mtego. Masatu, aliyekaa na mimi dawati moja na ambaye hakuogopa kitu kwa sababu alishachapwa na kila mtu, akasema, "Mdako, Mwalimu."

"Nani anajua sana?"

Wasichana tukanyoosha mikono. Akatupeleka nje, tukachimba vishimo, tukaweka kokoto. Unarusha jiwe juu, unazoa kokoto, unalidaka, unarudisha zilizozidi. Alitutaka tubakize nje mbili mbili, halafu tatu tatu, halafu tuseme kabla ya kurusha ni mara ngapi tutarusha hadi shimo likauke. Siku nyingine ilikuwa vizibo vya soda, siku nyingine vijiti tulivyovifunga kumi kumi kwa nyuzi za katani, kila kumi ikawa mtita mmoja. Kipindi cha Hesabu kikaanza kunukia vumbi, jasho na majani yaliyokanyagwa.

Mimi nilijua siri yake, au niliamini hivyo. Niliamini Mwalimu Zuhura hajui Hesabu. Mtu anayejua Hesabu angekuwa na hasira. Niliona anatuchezesha ili kipindi kipite asigundulike, nikamhurumia, maana hata mimi nilikuwa sijui na nilijua mtu akigundulika anafanywa nini. Baba akiniuliza jioni tumesoma nini, nilijibu "Kiswahili." Nilimlinda kadiri ya uwezo wangu.

Halafu ikaja siku ya kamba. Alikuja na kamba ndefu za kufungia ng'ombe, akatupanga uwanjani. Watoto kumi wakaingia ndani ya kamba moja, akaizungusha viunoni mwao na kuifunga. Akafunga kumi wengine, na kumi wengine. Mimi na Masatu tukabaki wenyewe pembeni.

"Hawa wote ni wangapi?"

"Thelathini na mbili!"

"Nataka saba wasiofungwa watoke, wakimbie hadi kwenye goli. Haya!"

Mimi na Masatu tukakimbia. Tulifika golini, tukageuka, tukajikuta wawili tu.

"Mbona wawili? Nimesema saba."

Mtoto mmoja ndani ya kamba, kwa mazoea, akaimba, "Tunakwenda kwa jiraniii!"

Mwalimu Zuhura akatazama huku na huku, mkono juu ya macho kama anayetafuta mtu mbali. "Jirani gani? Mimi simwoni jirani. Hao si wenu?"

Nikarudi mbio kutoka golini. "Mwalimu, kwa hiyo hatukopi?"

"Unakopaje kitu chako, Wegesa? Hii kumi ni ya kwenu. Imefungwa tu. Ifungue."

Niliifungua mimi. Fundo lilikuwa gumu, nikalivuta kwa meno, na ladha ya kamba ile, chumvi na kinyesi cha ng'ombe, ninayo mdomoni hadi leo. Kamba ikaanguka, wale kumi wakasambaa uwanjani wakipiga kelele kama ndama waliofunguliwa, na mimi nikasimama katikati yao nimeishika kamba mkononi, nikielewa. Hakukuwa na jirani. Hakukuwa na bakuli. Miezi yote ile nilichapwa kwa kukataa kukopa kitu kilichokuwa chetu wenyewe.

Sikujua bado kwamba hiyo ndiyo Hesabu. Nilijua tu kwamba kuna jambo nililidhani la aibu na sasa si la aibu.

Mwalimu Mkuu alirudi safari siku moja tukiwa tena tumefungwa kamba. Alisimama kwenye kona ya ofisi akatutazama kwa muda, kisha akaja, akakusanya kamba, akaingia darasani akabeba vijiti vyetu vyote, akavipeleka jikoni kwenye moto wa uji. Tulikunywa uji ule uliopikwa kwa makumi na mamoja yetu. Wiki hiyo hiyo akaita mkutano wa wazazi, kwa kuwa wao ndio waliomlisha mwalimu wa kujitolea, na wao ndio wangeamua kama aendelee kulishwa.

Siku ya mkutano mvua ilinyesha, kwa hiyo wazazi waliingia darasani kwetu. Walikaa kwenye madawati yetu, magoti yamewafika kifuani, nasi tukasimama ukutani. Baba alikaa nyuma. Mama alikaa na wanawake karibu na dirisha. Mwalimu Zuhura alisimama peke yake mbele, mikono ameikutanisha.

Mzee Magesa, mwenyekiti wa kitongoji, ndiye aliyeanza. "Mimi natoaga debe langu la mahindi mtoto asome. Kucheza, si anachezaga bure nyumbani?"

Wazazi wakaguna kukubali. Mwalimu Mkuu akasema hana ugomvi na mtu, ila wazazi wajionee wenyewe. Akaandika ubaoni thelathini na mbili, chini yake kumi na saba, akapiga mstari. Akageuka ukutani tulikosimama, akachagua mtoto ambaye kwa hakika yake angeshindwa.

"Wegesa. Njoo utuonyeshe mlichocheza."

Nilikwenda. Chaki ilikuwa na unyevu. Nilisikia macho ya Baba mgongoni.

"Mbili toa saba?"

"Haitoki, Mwalimu."

"Kwa hiyo?"

Niligeuza chaki mkononi.

"Kwa hiyo? Sema! Kopa!"

"Sikopi, Mwalimu."

Nilisikia wanawake wakivuta pumzi. Mama alijifunika mdomo kwa khanga, na juu ya khanga macho yake yalikuwa makubwa. Mwalimu Mkuu akawageukia wazazi, akafungua mikono kama mtu aliyemaliza kesi. "Mnaona?"

"Nafungua," nikasema. "Naomba vijiti."

"Vijiti viko wapi? Kwenye mtihani utapewa vijiti?"

Nilitazama darasa zima. Vijiti vyetu vilikuwa majivu. Lakini kwenye kona, nyuma ya mlango, zilisimama fimbo za mpera, zile ambazo kila mtoto alitumwa kuleta shule ikifunguliwa. Nilikwenda nikazikumbatia zote, nikazimwaga sakafuni mbele ya wazazi. Zilitoa sauti kubwa kuliko nilivyotarajia.

"Wewe mtoto!" akasema Mwalimu Mkuu, akapiga hatua.

"Mwache," akasema Baba.

Alisema hilo tu. Hakusimama, hakupaza sauti. Lakini Baba alikuwa mtu ambaye akisema neno watu waliligeukia, na Mwalimu Mkuu akasimama pale alipofika.

Nikapiga magoti nikahesabu. Masatu akaja bila kuitwa, akapiga magoti upande wa pili. Tulipata kumi, tukatazama huku na huku kutafuta kamba. Hapo nikasikia kitambaa kinachanika. Mama alikuwa amevua kilemba chake, anakipasua kwa meno na mikono, kipande baada ya kipande, mbele ya watu wote. Alinipa vipande bila kunitazama usoni. Nikafunga mtita wa kwanza, wa pili, wa tatu, na fimbo mbili nikaziweka pembeni. Zilizozidi nilimpa Masatu azishike.

"Hii ni thelathini na mbili," nikawaambia wazazi. Sauti yangu ilikuwa ndogo, lakini mvua ilikuwa imekatika. "Nataka kutoa saba hapa. Ziko mbili. Sasa siendi kwa mtu. Nafungua ya kwetu."

Nikafungua mtita mmoja. Nikachukua saba, nikachukua na mtita mwingine mzima, nikazikumbatia kifuani, nikapita katikati ya madawati kuelekea mlangoni.

"Unakwenda wapi na fimbo?" akauliza Mwalimu Mkuu.

"Nazitoa, Mwalimu."

Nikazitoa. Nje kabisa, kwenye majani marefu ya bondeni, nikazirusha kwa nguvu zangu zote. Masatu, ambaye hadi leo anasema hakuelewa vizuri maelekezo, alinifuata na zile zilizozidi akazitoa nazo. Niliporudi ndani wanawake walikuwa wanacheka wameinamiana, na Mwalimu Zuhura alikuwa ameugeukia ukuta, mabega yanatikisika, sikujua analia au anacheka.

Nikachuchumaa, nikahesabu zilizobaki sakafuni. Mtita mmoja na tano. Nikaandika ubaoni kumi na tano.

Mzee Magesa akamgeukia Mwalimu Mkuu. "Jibu ni lenyewe?"

Mwalimu Mkuu alifuta mikono yake kwa leso, kidole kimoja kimoja. "Ni lenyewe," akasema. Hilo nampa hata leo, kwamba hakudanganya.

Walibishana hadi ng'ombe wakaanza kurudi. Wengine walisema mtoto amefundishwa jeuri, na sikuona cha kuwapinga. Mwisho wakakubaliana Mwalimu Zuhura abaki, michezo iruhusiwe, ila ichezewe nyuma ya vyoo ili wageni wanaopita barabarani wasione. Ndivyo tulivyojifunza kugawanya, tukiwa tumeziba pua. Alikaa nasi hadi tulipoingia darasa la nne, kisha akapata ajira, akavuka kwa kivuko cha Kisorya kwenda Ukerewe, na sikumwona tena. Mimi sikurudia darasa, na ndama walipata mchungaji mwingine. Sikuwa mtoto wa ajabu. Nilikuwa mtoto wa katikati niliyeelewa ninachofanya. Leo nakata na kushona nguo Bunda mjini, na hakuna mteja niliyewahi kumharibia kitambaa.

Lakini asubuhi iliyofuata mkutano ule haikuwa na wazazi. Fimbo nilizozirusha hazikuwepo majanini; akina mama walikuwa wamezizoa jioni wakirudi, wakazitia jikoni. Mwalimu Mkuu aliingia kipindi cha kwanza, akafunga mlango, akaniita mbele. Hakusema kosa langu, wala mimi sikuuliza. Aliinama kwenye kona, akachagua fimbo moja katika zile kumi na tano zilizobaki, akaikunja kuipima.

Nilishika ukingo wa meza. Ya kwanza niliisikia kichwani, ya pili nikaipokea kwa meno. Iliyofuata ilitoa sauti tofauti, na kipande cha mpera kikaruka juu ya vichwa vya watoto, kikagonga ukuta. Machozi yalikuwa yananitiririka na pua pia, sikuweza kuyazuia, lakini mdomo ulikuwa wangu.

"Zimebaki kumi na nne, Mwalimu," nikasema.

Alibaki amesimama na kile kipande mkononi. Kisha akageuka polepole kutazama kona, na kutoka pale nilipokuwa nimeinama niliiona midomo yake inacheza. Alikuwa anahesabu.